Aliyetuibia Mashine Akarudi Kudai Dhamana

Jamaa aliyemwibia baba yangu mashine ya boti alikuja dukani kwangu wiki ile ile kulalamika kwamba haiwaki vizuri.

Sikutanii. Aliingia na mwenzake aliyeibeba begani, akamwamuru aitue juu ya kaunta, halafu akaniambia kwa Kisomali, "Abaayo, dada yangu, hiki kitu chenu ni kibovu."

Ile mashine naijua hata gizani. Baba aliipaka rangi ya bluu mwenyewe kwa brashi mbovu, na nywele za brashi zilikuwa bado zimeganda kwenye rangi. Siku chache nyuma watu wenye bunduki walishuka Kudhaa, kisiwani kwetu, wakafungua mashine za watu pwani moja baada ya nyingine wakaondoka nazo. Baba akabaki na boti na makasia.

Sasa mwizi yuko mbele yangu, anataka kuhudumiwa.

Nikamuuliza, "Risiti iko wapi?"

Msinishangae. Kwenye kaunta ile nilikaa tangu niolewe. Mdomo ulikuwa unajua kazi yake hata akili ikiwa imekimbia.

"Risiti gani?"

"Ya kununulia. Bila risiti hakuna dhamana."

Akavua bunduki, akailaza kauntani ubavuni mwa mashine. "Hii hapa."

Nikaitazama. Nikamwambia, "Kaa, fundi anakuja."

Naitwa Fadhila. Fundi ni mume wangu, Ilyas. Hapo ni Kismayu, miaka ya mwanzo ya vita, mji ukibadilisha wenye kuushika kama kitanda cha hospitali kinavyobadilisha wagonjwa. Leo hawa, kesho wale, na kila anayeingia anaanzia kwetu Wabajuni, kwa sababu hatuna bunduki wala ukoo mkubwa wa kutulipia kisasi.

Duka letu lilikuwa la kuhudumia mashine za kampuni moja ambayo jina lake nitaliacha. Pwani nzima tuliziita kasa, maana zilikuwa na picha ya kasa ubavuni. Usiniulize ni kampuni gani inaweka picha ya kasa kwenye mashine ya kwenda mbio.

Kasa zilikuja na dhamana ya mwaka. Ikiharibika, inatengenezwa bure, hiyo ndiyo habari yote.

Lakini Ilyas alipozipeleka visiwani mara ya kwanza, wazee wa Kudhaa walimuuliza swali moja tu. "Dhamana sawa. Mdhamini ni nani?"

Kwetu dhamana haikai yenyewe. Mtu akikamatwa, akikopa, akiposa, lazima awepo mwingine wa kusema, huyu akikosea nishikeni mimi. Ilyas akaeleza kwamba mdhamini ni kampuni. Wakamuuliza kampuni inakaa mtaa gani na ni mtoto wa nani.

Alipoona biashara inayeyuka akasema, "Basi, mdhamini ni mimi."

Ikasomwa Fatiha pale pale.

Tangu hapo kila kasa iliyouzwa ilisomewa Fatiha. Na kila iliyoharibika, Ilyas alipanda chombo akaifuata, iwe Kudhaa, iwe Darakasi, hata kama mwaka umeshapita. Angewaambia nini wazee? Kwamba Fatiha imekwisha muda?

Kampuni nyingine zilileta mashine zenye nguvu zaidi na rahisi zaidi. Hazikununuliwa. Wavuvi walizigusa, wakazisifu, kisha wakauliza, "Na hii kaisomea nani?" Wakarudi kwetu.

Kampuni walidhani watu wanapenda kasa. Watu walikuwa wanampenda Ilyas.

Sasa, kampuni hiyo ilikuwa na mawakala wawili wasioelewana, mmoja Mogadishu na mmoja Mombasa. Kila mmoja alidai Kismayu ni eneo lake. Ilyas aliwekwa na Mogadishu. Mombasa nao walikuwa na mtu wao hapo mjini, Mzamil, fundi na muuza spea wa mtaa wa pili, ambaye aliamini kwa moyo wake wote kwamba duka letu lilikuwa riziki yake tuliyomdhulumu.

Mzamil alikuwa hatusalimii. Msikitini, yeye na Ilyas lazima nguzo ikae katikati. Mkewe, Zuleikha, akiniona sokoni anaanza kuwakagua samaki kana kwamba anawajua wazazi wao. Mji mzima uliujua ugomvi ule, na watu walikuwa wakiuulizia habari kama wanavyoulizia hali ya mgonjwa.

Haya, turudi kwa mwizi wangu.

Huyu hakuwa mwizi wa kawaida, alikuwa kamanda wa waliokuwa wanashika bandari wakati huo. Sisi tulimwita Mswaki, kwa sababu mti wa mswaki haukutoka mdomoni mwake, akiongea, akila, akipiga risasi.

Ilyas akaja. Akaiona mashine ya mkwewe. Akanitazama, nikatazama chini. Akaifungua, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, ikawaka.

Mswaki akafurahi. "Na ikiharibika tena?"

Hapo ndipo mume wangu alipofanya kosa. Kwa mazoea tu, vile anavyojibu kila mteja, akasema, "Usijali, ina dhamana."

Mswaki akautoa mti mdomoni. "Mdhamini ni nani?"

Wasomali na sisi tuna tofauti nyingi, lakini kwenye jambo hilo tumelala kitanda kimoja. Ilyas akafuta grisi mikononi. Angesema ni kampuni, Mswaki angemuuliza kampuni ni ya ukoo gani.

"Mimi," akasema.

"Fatiha," akasema Mswaki, akanyanyua mikono.

Mume wangu akaisomea Fatiha mashine ya wizi ya baba mkwe wake, mbele ya aliyeiiba. Mimi nikaitikia amina. Ungefanyaje?

Halafu Mswaki akasema, "Nina nyingine nyingi. Twende."

Wakamchukua bandarini.

Hawakumpiga. Nasema haki. Walimpa jamvi kwenye ghala, wakampa chai na mashine za visiwa vyote. Kutoka tu ndiko hakukuwako. Kila siku nampelekea chakula, na kila siku namuuliza Mswaki mume wangu anarudi lini. Jibu ni lile lile, na analitoa kwa adabu kabisa. "Mdhamini hafungwi, abaayo. Lakini haondoki."

Na alivyoipenda ile kampuni sasa! Alikuwa akiwasimulia watu huduma aliyoipata. Aliwakataza vijana wake kuiba mashine za kampuni nyingine, akasema hazina mtu nyuma yake. Mashine moja ya kampuni pinzani waliiba kwa bahati mbaya, akawaamrisha wairudishe.

Mwenye nayo alikuja kwangu kunishukuru. Nilimfungia mlango.

Basi likaja jingine. Wale wengine, maadui wa Mswaki, wakawa wanausogelea mji. Mizinga tuliisikia mpaka jikoni. Na ilijulikana kwamba wakiingia, atakayekutwa bandarini na mikono ya grisi hataulizwa alipelekwa pale na nani. Atahesabiwa ni mtu wa Mswaki, kazi imekwisha.

Boti ya mwisho mwisho ilikuwa inapakia watu kwenda Kenya. Nahodha, mtu wa kwetu, akaniwekea nafasi yangu na ya watoto wangu wawili, yule mkubwa na yule wa mgongoni. Nikamwambia bila Ilyas sipandi. Akaniambia, "Fadhila, mimi nitaondoka na maji yakijaa. Siwezi kuyaambia maji yangoje."

Nikaenda kwa Mswaki asubuhi ile. Nililia. Siyo machozi ya kutafuta huruma, nililia kwa kuogopa, mawazoni nilishamuona mume wangu kalala chini, amekufa.

Mswaki akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Naelewa. Lakini amesoma Fatiha. Dhamana ikiisha, mchukue."

"Itaisha lini?"

"Waulize kampuni yako."

Hakuwa anafanya mzaha. Alisimama, akachukua bunduki, akaniambia twende taar tukaulize.

Taar ni ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Ilikuwa kwenye duka moja karibu na soko. Mtu mmoja anaongea, foleni nzima inasikiliza, na jibu linatoka kwenye spika kwa sauti ya kila mtu. Siri kule hakuna. Tulifika, foleni ikampisha Mswaki. Mwenye nguvu mpishe. Na kwenye foleni, karibu kabisa na mlango, nikamuona Mzamil. Nikageuza uso.

Ofisi ya Mogadishu wakati huo haikuwa na simu, mkurugenzi, wala paa. Ikabidi nipige Mombasa, kwa wakala wa kule, mtu anayeitwa Abubakar. Ofisi ya Mogadishu ilikuwa imekufa, lakini Abubakar alikuwa bado ana ugomvi nayo.

Nikamweleza taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Yuko mteja hapa. Ana kasa. Nataka umwambie dhamana yake imekwisha, ili fundi aende nyumbani. Nikadhani mtu mzima ataelewa.

Abubakar akauliza, "Mteja ana mashine ngapi?"

Mswaki akainama kwenye redio. "Nyingi."

"Ishirini?"

"Zidisha."

Upande wa pili nikasikia karatasi zikifunuliwa. Kisha sauti ikarudi imelainika. "Karibu sana, bwana. Wateja kama wewe ndio tunaowatafuta upande huo. Kwa niaba ya ofisi ya Mombasa, nakuongezea dhamana mwaka mmoja, mashine zote, bure."

Watu kwenye foleni wakatazamana.

Mswaki akaniangalia kwa heshima kubwa. "Hii ni kampuni," akasema.

Nikashika ile redio kwa mikono miwili. Nikamwambia Abubakar kwa Kibajuni, haraka haraka, "Mchu huyu ni mwizi. Mashine ni za kuiba. Mume wangu atakufa."

Akanijibu kwa Kiswahili cha ofisini. "Bibi, sisi hatuingilii mteja amepataje bidhaa. Na huyo mumeo namjua, ni mtu wa Mogadishu. Tangu mwanzo nilisema hafai kuwa pale."

Nikaiweka redio. Nikakaa juu ya gunia la mchele la mwenye duka.

Ndipo Mzamil akatoka kwenye foleni, akanipita kama gogo, akashika redio. "Abubakar, ni mimi Mzamil. Ile kazi bado naitaka."

Foleni yote ikasogea karibu.

"Ya Ilyas?"

"Ya Ilyas. Nimengoja miaka. Mwondoe mtu wa Mogadishu, niweke mimi. Nitamhudumia mteja huyu vizuri kuliko yeye."

Abubakar alikuwa hajaletewa zawadi kama hiyo siku nyingi. Hakufikiri hata kidogo. Akatangaza kwenye spika, watu wote wakisikia, kwamba kuanzia saa hiyo Ilyas hatambuliwi na kampuni, fundi wa Kismayu ni Mzamil, na mashine yoyote atakayoigusa Ilyas inapoteza dhamana.

Nilisimama. Nikamwambia Mzamil mbele ya watu maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika hapa, maana kuna watoto wanasoma. "Mla mizoga wewe. Mume wangu hajafa unagombea nguo zake. Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi, nilijua wewe ndiwe utakayetumaliza."

Mzamil hata hakunitazama. "Kazi ni kazi, Bi Fadhila," akasema.

Nikamtemea mate miguuni. Baadhi ya watu wakacheka. Mswaki naye akacheka.

Lakini Mswaki alikuwa mtu wa sheria zake. Akatafuna ule mti, akafikiri, akasema, "Mdhamini hutolewa kwa mdhamini. Njoo wewe."

Tukaenda bandarini wote. Ilyas akatolewa ghalani, kakonda, mikono myeusi mpaka viwikoni. Mswaki akamfokea, kumbe ulikuwa huna idhini, na mashine zangu zote umeshazishika? Sasa zikaguliwe upya moja moja. Mume wangu hakuelewa hata neno.

Mzamil akanyanyua mikono, akasoma Fatiha. Alisoma polepole, bila kuruka herufi. Kisha akachukua spana kutoka mkononi mwa Ilyas. Hawakuwa wamesemeshana kwa miaka.

"Ile ya bluu ina nini?" akauliza.

"Kabureta," akasema Ilyas.

"Haya."

Basi. Mswaki akamsukuma mume wangu begani kumuelekeza getini. "Wewe nenda. Sitaki uguse kitu."

Ndivyo mume wangu alivyookoka. Alifukuzwa kazi.

Botini nilikaa nimempakata mdogo, Ilyas kamlaza mkubwa mapajani, nami moyo umejaa shukrani na hasira vimechanganyika. Nikatazama pembeni, nani kakaa pale? Zuleikha, mke wa Mzamil, na furushi lake la nguo, peke yake.

Nilimgeuzia mgongo. Tulikuwa tumeshapita Kudhaa aliponinyooshea kikombe cha maji kwa ajili ya mtoto. Sikukipokea.

Nikasema bila kugeuka, "Mumeo kapata alichotaka. Mbona hukubaki ule naye matunda?"

"Alinikataza kubaki."

"Anajua wale wengine wanaingia?"

"Anajua."

"Basi ni mjinga pia."

Zuleikha akashusha mkono. Akaweka kikombe chini. "Jana aliniambia, Mswaki hamwachi mchu mpaka apate mchu mwingine wa kushika. Nikamuuliza, kwa nini uwe wewe? Akaniambia, Ilyas ana watoto wawili na sisi hatukujaaliwa. Akasema wewe lazima utakwenda taar, hukubakiwa na pengine pa kwenda. Ndiyo maana alikuwapo tangu asubuhi."

Niligeuka.

"Mbona hakuniambia?"

"Mbele ya Mswaki? Angejua mnapanga, angewashika wote wawili. Ilibidi aonekane anakunyang'anyeni." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tujuane. "Aliniambia, kesho Fadhila atanitukana, na akinitukana vizuri ndiyo itakubalika. Mwanamke mwenzangu, ungemtukana vile kama ungekuwa unajua?"

Ilyas alikuwa anasikia. Aliinamisha kichwa juu ya mtoto, mabega yakawa yanatikisika. Sikuwahi kumuona akilia kabla ya hapo. Mimi nilichukua kile kikombe nikanywa yale maji, sikujua la kufanya jingine.

Mji uliingiwa siku chache baadaye. Mswaki alikimbia na boti, mashine zikifanya kazi vizuri, nasikia. Wengine wakasema Mzamil alikuwa naye. Wengine wakasema alikuwa ghalani. Kila aliyefika kambi ya wakimbizi ya Mombasa, tulikokuwa, tulimuuliza, na kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyemuona kwa macho.

Tukaamua kwenda kwa kampuni. Mimi na Zuleikha, tumefunga buibui zetu vizuri, mpaka ofisi ya Abubakar. Ofisi nzuri, baridi, picha ya kasa ukutani.

Nikamwambia, huyu ni mke wa fundi wako wa Kismayu. Tunataka habari za mumewe.

Abubakar akavuta pumzi. "Kismayu si eneo letu tena. Makao makuu wamempa wakala mwingine. Fundi yeyote wa kule ni wa wakala huyo."

"Wewe ulimweka. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilimweka wakati eneo linagombaniwa."

Zuleikha akasogea mbele ya meza. Akauliza, "Ile dhamana uliyoongeza mwaka, nani aliisimamia?"

"Mama," akasema Abubakar, na alisema kwa upole, nadhani hakuwa mtu mbaya, "dhamana ni ya mashine. Siyo ya mtu."

Alitupa kofia mbili zenye picha ya kasa. Tulipofika mlangoni akaniuliza kama yule mteja mkubwa bado anatumia mashine zao.

Nilimwambia ndiyo, ameridhika sana.

Ni miaka mingi sasa. Ilyas ana karakana yake Mombasa, anatengeneza mashine za kila aina. Zuleikha anaishi nasi, na wanangu humwita mama kabla hawajaniita mimi. Kadhi alimwambia yuko huru kuolewa. Akamshukuru, akarudi nyumbani kupika.

Wavuvi wakija kununua mashine huniuliza kampuni gani nzuri. Huwajibu kwamba sijui kampuni. Ukiharibikiwa katikati ya bahari, uliza nani atatoka nyumbani kwake kukufuata. Kama hapana jina la mtu, hiyo dhamana ni maneno ya kupambia bidhaa, nunua ya bei rahisi uende zako. Na yule unayemwona adui kazini, usiwe na haraka naye. Vyeo wanavyogombania watu huko juu, siku nyingine huku chini kuna mtu anavipokea ili wewe uishi.

Nimeyaandika haya kwa sababu moja. Kama yuko popote mtu aliyewahi kukutana na fundi anaitwa Mzamil, Mbajuni wa Kismayu, mrefu, mkimya, hapendi kusalimia, mwambieni mkewe yuko Mombasa, hajaolewa.

Na mwambieni Fadhila anamuomba arudi amjibu yale matusi.